Ulimwandika Mama Kuwa Mzima

Kaka Sefu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinifunza adabu, si kwa sababu unastahili. Barua hii naituma gazetini makusudi, maana zile nilizokutumia kwa posta hukuzijibu. Nasikia siku hizi u mtu mkubwa Dar es Salaam, unawafundisha vijana kuhesabu wazee na maradhi ya uzee. Hongera. Nao wasome, wamjue mwalimu wao.

Unaukumbuka ukumbi wa nyumba yetu hapa Mkange? Mama akishona kofia, wewe umekaa mkekani unamtungia uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kupungua nuru. Mimi nilikuwa mdogo, nikilia nipewe zamu. "Mwache Sefu," akinikataza, "macho yake ndiyo yangu." Ulikuwa ukivimba kwa majivuno mpaka nakuonea wivu. Kofia hizo ndizo zilizokusomesha Bagamoyo.

Halafu ukaja baada ya masika, suruali imepigwa pasi, na wanafunzi wawili nyuma yako, kuwaonyesha namna ya kumhoji mzee. Mama alikuwa na habari. Alivaa kanga mpya, akaniambia nimkalishe kitini na nimshikishe kikombe cha kahawa kabla hujaingia, usije ukamwona akipapasa. Ndivyo walivyo wazee wetu, Kaka, hawamwonyeshi mgeni udhaifu. Hilo hulijui? Ulizaliwa Ulaya?

"Mama, una maradhi yoyote?" ukauliza, umesimama, kalamu iko tayari.

"Alhamdulillahi, mwanangu. Sijambo."

Ukawageukia wanafunzi. "Mmeona? Uliza, andika, nenda. Wazee wa huku ni wazima."

Wakaandika, maskini. Mmoja alitaka kusema neno, ukamkata kwa jicho. Mtu mzima wewe, umefunzwa kazi miaka, unauliza hali ya mzee, unapewa jibu la salamu, unalibeba kwenda kulifanya hesabu! Hata mtoto anayetumwa dukani anajua kwamba huku kwetu mtu akiulizwa hali hujibu alhamdulillahi, hata aliyelala kitandani hawezi kugeuka.

Na wakati wa kuagana je? Mama alinyoosha mkono, akaushika wa yule mwanafunzi, akaupapasa, akasema, "Sefu mwanangu, mbona umekonda hivi?" Kijana wa watu akakugeukia wewe. Wewe ukacheka. "Mama anapenda utani," ukasema, mkapanda lori lenu mkaenda zenu. Nilikudharau saa ile ile, na sijaacha.

Sasa daktari wa macho amekuja wilayani. Nilikwenda mwenyewe kumwuliza karani wake lini watafika kwetu. Akanijibu kwa upole kwamba hawafiki. Wanakwenda penye wagonjwa, na hesabu za Mkange zinasema wazee wa huko wanaona vizuri. Hesabu za nani? Zako. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari huyo kazi yake ndiyo kuutoa ugonjwa huo. Umemfungia mlango kwa elimu ile ile aliyokulipia.

Ungekuwa mjinga ningekusamehe. Lakini wewe ulikuwa wa kwanza katika dunia hii kujua kwamba macho ya mama yanafifia, ukiwa bado na meno ya utoto. Nilikupenda sana siku zile, Kaka, na ndiyo maana hasira yangu ni kubwa hivi.

Daktari ataondoka mwisho wa mwezi. Neno lako moja linatosha, mwambie ulikosea. Ama unaona haya mbele ya wanafunzi wako?

Mama amesikia kalamu ikikwaruza, akauliza namwandikia nani. Nikamwambia. Akajitengeneza kanga kichwani kana kwamba umeingia, akasema, "Msalimie. Mwambie mimi sijambo."

Haya, kaandike.

Ni mimi mdogo wako,
macho ya mama siku hizi.