Panya Wasiokojoa Damu

Msambweni, Alhamisi, Juni 1998

Mvua ilinyesha alfajiri, sasa ni jua kali na mvuke.

Leo nimekataa kutia sahihi.

Mimi ni fundi wa maabara katika mradi wa kujaribu dawa mpya ya kichocho. Kazi yangu ni panya: nawaambukiza minyoo, nawapa dawa, kisha nawapasua nione minyoo iliyobaki. Mwezi uliopita matokeo yalitoka mazuri. Mkuu wa mradi, daktari aliyeletwa kutoka Nairobi, akafurahi na kuamuru tuandikishe watoto wa Kikoneni waanze kupewa dawa hiyo.

Hapo ndipo panaponiunguza. Minyoo tuliyowatia panya ni ya kichocho cha tumbo, si ugonjwa wa huku. Chetu ni cha kibofu, kile kinachowakojoza watoto damu, na minyoo yake haistawi ndani ya panya. Anayefaa zaidi ni hamsta, mnyama mdogo kama panya mnene mwenye kijimkia. Nilimwambia mkuu mapema. Akasema hamsta ni usumbufu, lazima waagizwe mbali, na panya tunao tayari.

Nikanyamaza. Hilo nalikiri.

Jumanne tulikutana na wazazi shuleni Kikoneni. Bi Mwanasha, mkulima wa mihogo, alikuja na bintiye Mejumaa, wa darasa la tatu, anayekojoa damu tangu mwaka jana. Alisikiliza maelezo yote, halafu akanivuta kando.

"Mwanangu, dawa hii mumemjaribia nani kabla ya huyu wangu?"

"Panya, mama."

"Na hao panya walikuwa na maradhi haya haya ya Mejumaa?"

Mama huyu hakuwahi kusoma, na swali lake ndilo ambalo ofisi nzima ilikuwa ikilikwepa.

Nikasema, "Ndiyo, mama." Akaamini. Akatia dole gumba kwenye fomu ya idhini.

Jana niliomba ruhusa, nikarudi Kikoneni peke yangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimenya mihogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nami nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kukaa. Hakunifokea. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwa leso.

"Basi nirudishie dole langu."

Laiti angenitukana!

Asubuhi hii mkuu aliniwekea mezani karatasi yenye maneno kwamba wanyama tuliowatumia wanawakilisha ugonjwa wa eneo hili. Mahali pa sahihi ya maabara palikuwa pangu. Nikairudisha kwake.

"Wewe ni fundi, si mtafiti," akasema. "Kazi yako ni panya."

"Ndiyo maana nasema, daktari. Niliwapasua mimi. Sikuona kibofu hata kimoja chenye kidonda."

"Kwa hiyo watoto waendelee kukojoa damu tukingoja hamsta wako?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu hata mimi watoto wale wananiuma. Lakini dawa ya zamani ipo, na inatibu. Nikamwambia wapewe hiyo kwanza, wapone, na hii mpya ingoje mnyama wake. Alinitazama kama mtu aliyesikia meza ikizungumza.

Dawa ya zamani haimpi mtu jina. Hakusema hivyo, nasema mimi.

Nikatoa fomu ya Bi Mwanasha kwenye faili na kumweleza kuwa mwenyewe ameiondoa idhini yake. Kisha nikaenda posta, nikapeleka faksi kwa kamati inayosimamia utafiti wetu. Niliporudi nilikuta nimenyang'anywa funguo za maabara. Lakini saa tisa simu ikaja kutoka kwa kamati: uandikishaji usimame mpaka waje wenyewe. Nimepitia zahanati, nikamwomba muuguzi ampe Mejumaa dawa ya zamani. Amesema aletwe kesho asubuhi.

Watu watanisifu, nao wengine watanilaani. Mimi kuna jambo moja tu linalonisumbua, na naliandika lisije likanitoroka: kama mama yule asingenivuta kando, je, leo ningekataa?

Nadhani ningetia sahihi.