Mzee wa Kiwanda cha Chuma

Baba,
Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, bado nalinda mlango wa hoteli hapa mtaa wa Al Rigga, nchi ya Waarabu. Leo asubuhi TV ya mapokezi ilikuwa inatangaza uchaguzi wa Amerika. Wachambuzi wakasema waliompigia kura yule mgombea tajiri hawajasoma, wamedanganywa. Mgeni mmoja Mmarekani, mzee wa mikono migumu kama yako, akacheka.

"Hao ni sisi," akaniambia. "Kiwanda chetu cha chuma kilifungwa, hakuna mkubwa aliyekuja hata kutupa pole. Huyu tajiri alikuja. Sasa kijana wangu wa chuo hashiki simu yangu kwa sababu ya kura hiyo."

Halafu akaniuliza, "Na baba yako humpigia nani kura?"

Nikamwambia ni yule mwanasiasa wetu wa kelele nyingi.

"Kwa nini?"

Hilo ningekuuliza wewe zamani, Baba. Wakati kiwanda chenu cha sukari kilipofungwa nilikuita mjinga mbele ya Mama kwa kumpigia kura huyo mtu, na sikukuuliza kitu. Nisamehe. Jumapili nitapiga simu. Tafadhali shika, uniambie polepole, nitasikiliza.

Msalimie Mama. Usitoke bila sweta asubuhi.

Kijana wako