Siku Waliyooga Kabla ya Kupimwa Jasho

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia hadi hapa Mkolani, ile ndefu ya mtu anayejinyoosha baada ya usingizi wa mchana.

Nina habari ya kukuchekesha. Siku hizi binti yako analipwa mshahara kwa sababu ya jasho la watu! Maabara yetu inatengeneza kibandiko chembamba cha kubandika mkononi. Mtu akitokwa na jasho, kinapima maji na chumvi anayopoteza, kisha kinapeleka majibu kwenye simu, ili mkulima aliye juani aambiwe apumzike kabla hajaanguka. Wewe ulianguka, baba, msimu ule wa pamba, ukazinduka ukatuuliza mbona tunakukodolea macho. Ndiyo maana kazi hii naipenda sana.

Unakumbuka shati lako la kaki lilivyokuwa na mistari myeupe ya chumvi mgongoni? Ukitoka kulima, au kupiga ngoma ya bugobogobo, ile inayochezwa kwa kurusha majembe, ulitaka kunikumbatia hivyo hivyo. Mama alikuzibia njia mlangoni: "Oga kwanza!" Nawe ulinikonyeza, ukasema mama ananunua chumvi dukani bure wakati mumewe anayo.

Basi, nilimbembeleza mkuu wetu wa utafiti tukafanyie majaribio kwetu Misungwi. Akakubali. Asubuhi majirani wakafika wameoga, wamejipaka mafuta wanang'aa, mashati yamepigwa pasi. Nani kwetu huenda kupimwa akiwa na jasho? Na aliyewapitia nyumba kwa nyumba ni mama: "Msinitie aibu mbele ya wageni wa mwanangu!"

Vibandiko viliteleza kama kambale. Tukawafuta mafuta, vikashika, lakini wingu lilikuwa limetanda na hakuna aliyelowa. Mkuu akaniambia kwa upole kwamba hali ikiendelea hivyo, kesho tunahamia wilaya nyingine. Jasho pekee lililopatikana lilikuwa langu.

Nikaingia ndani nikaitoa ngoma yako. Tangu tukuzike hakuna aliyeigusa. Nikaanza kuipiga.

"Unatwanga mahindi?" mama akapaza sauti. "Mpe baba yako mdogo!"

Baba mdogo alipoishika, baba, uwanja mzima ulibadilika. Watu wakakimbilia majembe, wakayarusha na kuyadaka, vumbi likatimka, mashati ya pasi yakalowa chapachapa. Simu zetu zikajaa majibu. Mkuu mwenyewe akavua koti akaomba jembe, likamponyoka, watu wakacheka hadi wakakaa chini.

Kisha mama akaingia uwanjani. Mama, ambaye tangu uondoke hachezi hata harusini. Alicheza mpaka simu ikalia kwamba apumzike, anywe maji.

"Simu ndiyo itanipangia mimi?" akafoka. Lakini maji aliyanywa.

Mkuu ameamua tuendelee na majaribio huko kwetu hadi mavuno. Nimefurahi kupita kiasi, na ningependa uwe wa kwanza kujua.

Jioni nilimwandalia mama maji ya kuoga. Akasema niyaache kwanza. Akakaa pale pale mlangoni alipokuwa akikuzibia njia, chumvi imechora mistari myeupe kwenye gauni lake, akavuta ukosi akaunusa.

"Leo nanukia kama baba yako," akasema, na hakuinuka upesi.

Pumzika vyema, baba.

Binti yako, ambaye naye siku hiyo alichelewa kuoga.