Ugeni wetu kwa Bibi Kabula

Alhamisi, jioni. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haijataka kunyesha. Wasomaji wangu wachache, mniwie radhi. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya bustani ya marehemu mke wangu. Sitaweza.

Leo nimekula kuku nyumbani kwa mtu anayemfunga mama yake kamba.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni mwakilishi wa wazee katika kamati ya kata inayoshughulikia watu wazima wanaoteswa majumbani. Wiki iliyopita tulikaa kujadili habari ya Bibi Kabula wa Buswelu, ambaye amepoteza kumbukumbu na hutoka nyumbani kumtafuta mumewe aliyekwisha kufa. Majirani walisema mwanawe, Masanja, humfungia stoo. Wapo pia walionong'ona kwamba mama huyo ni mchawi, na kwamba Masanja anawakinga wengine naye.

Kikao kilikuwa kirefu. Muuguzi wa zahanati alizungumzia vidonda, kwa kuwa vidonda ni kazi yake. Askari wa dawati la jinsia alizungumzia kamba. Afisa ustawi wa jamii alizungumzia chakula. Kila ofisi ilishika kipande chake cha yule mama, na hapakuwa na aliyemshika mzima.

Hatimaye tulikubaliana kwenda sote kwa pamoja. Askari, mwanamke wa makamo asiyesema sana, alipendekeza twende bila taarifa. Hapo nikanyoosha mkono. Nilisema, kwa unyenyekevu, kwamba kwetu haiingiwi nyumba ya mtu kana kwamba tunakamata mwizi. Mwenye nyumba apelekewe habari, ajiandae, ndipo atakapotusikiliza. Vichwa vikaitikia. Askari akanitazama kidogo, akasema, "Sawa, mzee." Nikampigia Masanja mimi mwenyewe.

Alijiandaa.

Asubuhi hii tulimkuta Bibi Kabula kwenye kochi, ameogeshwa, amepakwa mafuta, amevaa gauni jipya la kitenge lenye mikono mirefu. Masanja, ambaye ni mchangamfu sana, alitushika mikono sote.

"Shikamoo, mzee! Karibuni, karibuni. Nasikia mtaani wanasema simlishi mama. Mwangalieni basi! Ameninenepea mpaka kochi linalalamika."

Tulicheka. Mama yule ni mifupa mitupu, na tulicheka.

Afisa ustawi alimwuliza, mbele ya mwanawe, kama anaishi vizuri. Alimtazama Masanja kwanza.

"Ninaishi," akasema.

Chakula kikaletwa. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kwa umri, firigisi iliwekwa kwenye sahani yangu. Mgeni aliyekula firigisi ya nyumba hainuki hapo akamshitaki mwenye nyumba. Kila mtu pale alilijua hilo, na Masanja kutuzidi sote. Tulipouliza kuhusu mama alisema ameshakula. Basi nikala. Kisha, kama mkubwa wa wageni, nikatoa shukrani na kuiombea nyumba ile baraka. Mapadri walionisomesha walinifundisha kuomba vizuri. Niliomba vizuri.

Tulipofika barabarani nikakumbuka kwamba sikumuaga yule mama. Nilikuwa nimemuaga mwanawe tu, na hilo si adabu. Nikawaomba wenzangu watangulie, nikarudi.

Mlango ulikuwa wazi. Mke wa Masanja alikuwa akimvua lile gauni kwa nguvu.

"Inua mkono, we! Nguo ya watu hii, inarudi kwa mwenyewe. Umeogeshwa, umetembelewa na wakubwa, unataka nini tena?"

Bibi Kabula alisimama na gagulo lake, na mikono yake niliiona. Sitaieleza hapa. Mikono mirefu ya gauni haikuwa ya urembo.

Aliponiona, alijitahidi kunyoosha mgongo.

"Karibu, baba. Chakula kiliwatosha wageni?"

"Kilitosha, mama."

"Na kuku alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Ahaa. Mimi nilisikia harufu."

Masanja akatokea uani, kamba mkononi. Hakuificha.

"Mzee, umesahau kitu?"

"Samahani, mwanangu. Nimekuja kuaga."

Naam, nilimwomba samahani. Naye akanisindikiza hadi kwenye uzio, amenishika kiwiko nisijikwae.

Nilimpigia askari nikiwa bado barabarani. Nilitarajia anikaripie, na ningeshukuru.

"Mzee wangu," akasema, "gauni la mikono mirefu kwa joto lile nililiona. Lakini ulishasema kikaoni. Nani angekupinga?"

Gari la kituo lilikuwa limekwenda Kirumba na halikutarajiwa kurudi leo. Kwa hiyo wataingia kesho alfajiri, yeye, afisa ustawi na muuguzi, na zahanati imekubali kumpokea mama. Alinisihi nisimwambie mtu. Masanja akipata fununu, atamvusha kwa kivuko hadi kwa ndugu zao ng'ambo, na hatutamwona tena. Andiko hili nitaliweka hewani wakishamchukua, si kabla, na majina nimeyabadili.

Muda mfupi uliopita simu yangu iliita. Alikuwa Masanja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alitaka kunishukuru kwa sala. Mke wake, alisema, ameguswa sana. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mama akimwita mumewe, mara kwa mara, kama mtu aliyegonga mlango na kuamini kwamba ndani wapo watu.

"Sasa mzee, mkipanga kuja tena si utanishtua kama juzi? Ili tuchinje."

Katika maisha yangu nimejivunia kwamba neno langu ni moja. Marehemu mke wangu alikuwa akinitania kwa hilo.

"Nitakupigia mwanangu," nikasema. "Labda mwezi ujao."

"Hapo sawa! Wewe ndiye mzee. Siyo wale wa kuvamia watu."

Akanitakia usiku mwema. Nami nikamtakia.

Sauti yangu haikutetemeka, na hilo limenishangaza kuliko uongo wenyewe. Laiti ningeupata uongo huo wiki iliyopita, au japo ukimya.

Kesho itafika. Lakini kabla yake kuna usiku huu, na atakayelala stoo si mimi.