Mashine ya Dhahabu kwenye Mkono wa Mourine

Elkana,

Huna haya wewe. Umebeba mashine ya kutafuta dhahabu kutoka machimbo ya Macalder ukaipitisha kwenye mkono wa mke wako, eti unatafuta kijiti cha kupanga uzazi. Ilipokaa kimya ukasema kijiti kimepotelea mwilini, akitoe ama arudi kwao. Mjukuu wangu, kile si chuma. Ni laini kama mrija wa soda. Nimekigusa kwa kidole changu, kiko palepale alipowekewa baada ya kujifungua.

Mahindi yamefika magotini. Mtoto amepimwa virusi vya ukimwi tena, hana, kwa sababu Mourine humeza dawa kila siku. Wewe zako je? Nimekuta makopo yako mawili ya dawa chini ya kitanda, hayajafunguliwa.

Mourine amezaa mara mbili kwa miaka miwili. Huyu wa mwisho damu ilimtoka mpaka nikavua leso yangu kumkinga nayo, na wewe uko shimoni. Muache apumzike. Hapa ni kwangu, haendi popote.

Alhamisi ni kliniki, Kosele. Njoo umbebe mtoto, umuulize daktari mwenyewe. Mashine iache huko. Makopo utayafungua mbele yangu.

Dani yako,
Susana