Jina Lako Bado Liko Kazini

Papa Nadine,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kuandika kosa kwanza, salamu baadaye.

Tulikuzika Alhamisi. Shefu alisoma hotuba ndefu akakuita nguzo ya shirika letu la bima ya matibabu, yeye yule aliyekunyima konje, siku chache tu za kupumzika, ulipokuwa unakohoa juu ya kibodi. Ijumaa nikafanya kile ambacho sheria inataka mfanyakazi akifa: nilifuta jina lako la kuingilia kwenye mashine kubwa. Nilifanya taratibu, kama mtu anayekunja nguo zako. Nikalia kidogo, nikapanda kwetu Gihosha nikijua nimekuaga vizuri.

Kumbe nilikuwa nimeizima ofisi nzima.

Kazi zote kumi na mbili, Papa Nadine! Ile inayosoma majina ya wanachama, ile inayoyapanga, mpaka ile inayotuma orodha mpya kwa maduka ya dawa kila Jumatatu kabla hatujafika: zote ulizipanga zitembee kwa jina lako. Mashine ilipofika kwenye ya kwanza ilimtafuta mwenyewe, haikumpata, ikakataa. Na ya pili huingoja ya kwanza, ya tatu huingoja ya pili. Orodha ya zamani ilikuwa imeshakwisha muda wake. Jumatatu maduka yalipofunguliwa, hakukuwa na mwanachama hata mmoja mwenye haki ya kidonge.

Mama mmoja mzee wa Kanyosha, mgonjwa wa presha, alirudishwa mara mbili. Alikuja ofisini, kadi kaishika kwa mikono yote miwili, akaniuliza: "Mutoto wangu, mi nilikufa lini?"

Niliwahi kukuuliza, unakumbuka, kwa nini kwenye kazi hizo hatuweki jina la ofisi, kama kitabu cha mashine kinavyosema. Ulikuwa unakula karanga. Ukasema, "Weka jina yangu. Kazi ikianguka, ni mi bataniuliza." Nilikuona shujaa. Na kweli, makosa yangu ya mwanzo uliyabeba wewe, Shefu asijue. Lakini sasa imeanguka, na wewe hukuwepo kuulizwa! Niliulizwa mimi, mbele ya watu wote, kama mwizi. Ulikuwa na miezi mitatu ya kuugua, nami nikija na uji kila Jumapili. Ulishindwa kuniambia sentensi moja?

Na unajua Shefu aliamua nini? "Mumurudishe." Basi. Nikakurudisha kwa mkono wangu, jina na namba yako ya kazi, na mbele ya neno "hali" nikaandika: "yupo". Mashine ikakupokea. Orodha ikatoka, yule mama akapata dawa siku hiyohiyo, nikafurahi na nikachukia. Tangu hapo kila Jumatatu karatasi inatoka ikisema kazi zimemalizwa nawe. Ukiwa mzima hukupata konje. Umekufa, bado hawakuachii. Niliomba ruhusa ya kuzihamisha kazi zako. Shefu alisema kitu kinachotembea hakiguswi.

Juzi Mama Nadine alikuja kuniambia siku ya kuganduka, siku familia itakapovua msiba wako. Akauliza kama mambo yako ya kazini yamekwisha. Nikasema yamekwisha. Nilimdanganya mke wako machoni, kwa ajili yenu wawili, wewe na Shefu!

Sasa sikiliza. Sikuomba ruhusa tena. Nimeshahamisha kazi saba, kwa mpango ulionifundisha: naanza na ya mwisho, nangoja Jumatatu ipite salama, ndipo naigusa ya juu yake. Sikuziweka kwa jina langu, sina wazimu. Zinatembea kwa jina la ofisi, jina lisilokohoa. Shefu akijua atanifukuza. Anifukuze.

Zimebaki tano, na kuganduka ni wiki sita zijazo. Siku hiyo, kabla ya kuja kwenu Cibitoke, nitapita ofisini nikufute mara ya pili, na hakuna mgonjwa atakayerudishwa. Halafu nitamjibu Mama Nadine upya.

Kwaheri, Papa Nadine. Hasira bado ninayo, na uji wako wa Jumapili bado naukumbuka. Amka hizi Jumatatu tano tu. Ya sita lala, nitaamka mimi.

Mwanafunzi wako,
Josiane