Baba Aliyekataa Kukaa

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, Kariakoo yote ni tope, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Leo Dada Upendo, mwenye studio, amenikabidhi wateja kwa mara ya kwanza. Tangu nije kujifunza kwake, kazi yangu ilikuwa kushika taa na kukunja vitambaa huku nikiangalia anavyowapanga watu: bega mbele kidogo, kidevu chini, mikono isining'inie. Leo akanipa kamera, akakaa pembeni.

Waliingia mzee mmoja na binti yake, Rehema, mtu wa rika langu. Wiki ijayo wanarudi kwao Masasi, wakataka picha ya pamoja kabla ya safari.

Nilianza kwa kujiamini kweli. Nikamkalisha mzee kwenye kiti, Rehema nikamsimamisha nyuma yake, nikamwambia ageuze kiuno kidogo. Akageuka, akakunja uso, akashika ubavu.

"Samahani, mshono bado unavuta," akasema. Ndipo akanieleza. Amemtolea baba yake figo. Muda wote waliokuwa mbali na kwao walikuwa hospitalini, Upanga, kwa matibabu, na sasa daktari amewaruhusu kuondoka.



Mzee naye akainuka, akanigeukia. "Mwanangu, picha hiyo siitaki. Mimi nikae, huyu asimame? Yeye ndiye akae."

"Baba, miguu yako bado haina nguvu," Rehema akasema. "Na nyumbani watanionaje, nimekaa, wewe umesimama?"

"Watauliza. Nami nitawajibu."

Wakabishana kwa sauti ya chini, hakuna anayemtazama mwenzake. Mwisho Rehema akavuta mtandio wake. "Basi tuache, baba. Twende."

Nikamgeukia Dada Upendo. Akanitazama tu. Nilijiona nawapoteza watu hawa kwa sababu ya kiti.

Mle ndani tuna stuli ndefu, ile ya picha za pasipoti. Nikaibeba, nikaiweka nyuma ya kiti, nikamwomba mzee aikalie nusunusu, mgongo wima. Kwenye kamera alionekana amesimama kabisa. Rehema alipoona baba yake hatetemeki, akakubali kukaa.

Mikono sikuipanga. Mzee mwenyewe aliweka mkono wake begani kwa binti yake, polepole, kama anayeogopa kumuumiza. Rehema akaufunika kwa wake.

Nikabonyeza.

Mzee aliisogelea kamera, akaitazama picha. "Hapo sawa," akasema. "Hapo nimekuwa baba yake tena."

Rehema akageukia ukutani kufuta machozi. Mimi nililia waziwazi, sikuona hata aibu. Dada Upendo alijifanya anatafuta waya.

Walipoondoka akaniambia, "Umewasikiliza." Basi. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Nimeshiba shukrani leo. Namshukuru Mungu kwa Rehema na baba yake, kwa afya waliyoipata, na kwa kuniacha niwe pale, mimi mwanafunzi tu. Namshukuru na Dada Upendo, ambaye angeweza kuinuka na kunisaidia, akajizuia.

Kesho wanakuja maharusi na wazazi wa pande zote mbili. Nitajitahidi kabla sijamgusa mtu bega niulize kwanza: nani angependa kukaa?